Naomba ushauri: mshubiri kwa mgonjwa aliye kwenye mionzi

Wakuu, habari za leo. Mama yangu anatibiwa saratani ya mlango wa kizazi pale hospitali ya Ocean Road, mionzi pamoja na dripu ya sisplatini (dawa ya saratani iliyo nzito kwa figo) kila wiki. Shangazi kaleta chupa ya mshubiri uliosagwa na asali, anataka mama anywe kila asubuhi. Hofu yangu ni ule utomvu wa njano ulio chini ya ganda: unaharisha, na mionzi tayari inamvuruga tumbo. Akiishiwa maji mwilini, figo zitaihimili hiyo dripu kweli? (Shangazi naye si mtu wa kukataliwa hivi hivi.) Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa namna hii, daktari wenu alisemaje? Na kuupaka tu pale ngozi ilipobabuka, inaruhusiwa? Kliniki ni Jumatatu, huko nako nitauliza.