Naomba ushauri: klaudi ipi inafaa biashara ya dagaa?

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo kichwa kimejaa. Niko Mwanza, Kirumba pale jirani na soko la samaki la Mwaloni, namtunzia hesabu bosi anayesafirisha dagaa na mabondo (vibofu vya sangara). Juzi kati umeme umekatika ukarudi kwa kishindo, kompyuta ikafa mpaka harufu ya kuungua tukaisikia, mauzo ya miezi mitatu yakaenda nayo, tukabaki tunaokoteza risiti zinazonuka dagaa kwenye boksi la biskuti.

Sasa bosi anataka kila kitu kiende klaudi, yaani data ikae kwenye seva (kompyuta kubwa) za kampuni kupitia intaneti, nimletee bei za kampuni tatu achague. AWS (ya Amazon) seva zao za karibu ziko Cape Town, Azure (ya Microsoft) na Google wako Johannesburg, kwa umbali sioni tofauti ya kutisha. Kinachonitoa jasho ni bei, wote wanapiga kwa dola, kuingiza data bure ila ukianza kuitoa ndo mita inasoma (AWS wanaachia GB 100 kwa mwezi), halafu kila mmoja na majina yake, ni kulinganisha debe na kilo.

Kuna jamaa alitaka kuniuzia paketi ya mwaka mzima, nikamuuliza nikihama data natoka nayo vipi, akabadilisha mada.

Mnaolipia, mnatumia kadi gani? Na ile sheria ya taarifa binafsi ya 2022, namba za wateja zikikaa Afrika Kusini inabidi niombe kibali? Au kwa kompyuta mbili seva ya nini, nichukue tu programu ya hesabu ya mtandaoni? Ila intaneti ikisinzia saa kumi na mbili asubuhi mzigo unapakiwa, tunauzaje?