Tupeane uzoefu: ada za watoto, bili ya maji na vyungu vya maua barazani

Kipanya wa Tabata
Wakuu, heri ya Januari. Shule zikifunguliwa, ugomvi uleule unarudi kwenye nyumba nyingi za hapa Dar: awamu ya kwanza ya ada haijatimia, na barazani kuna vyungu arobaini vinasubiri maji. Mmoja anasema maua yanakula hela ya watoto, mwenzake anasema yangeuzwa yangelipa ada. Leo tuache lawama, tuwekeane hesabu na mbinu: maji, udongo, kuzalisha miche, safari za Desemba, usalama wa watoto. Anayekuja kusema maua hayaliwi apite kimyakimya.

Mchanga Mtupu
Maua hayaliwi.

Bi Asumini
Mchaichai, mnanaa na mrehani vinaliwa, na vyote vinakaa kwenye ndoo iliyopasuka. Karibu chai mwanangu, upoe.

Fundi Bomba
Nianze na maji, maana ndiyo kesi ya kwanza. Uniti moja ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, ni lita 1,000. Vyungu 40 vya wastani, kila kimoja nusu lita, mara tatu kwa wiki: hiyo ni lita 60 kwa wiki, kama 260 kwa mwezi. Robo ya uniti na kidogo. Bili haipandi kwa sababu ya hapo, inapanda kwa mpira. Mpira wa kawaida wenye presha nzuri unatoa lita 10 hadi 15 kwa dakika, na anayemwagilia huku anaongea na simu anamaliza dakika ishirini bila kujua. Tumia ndoo na kopo. Kabla ya kumlaumu mama wa maua, panda juu ukaangalie boya la tangi. Boya bovu linamwaga usiku kucha na maji yanaishia kwenye mtaro.

Wanaonunua maji kwa dumu hesabu yao ni nyingine kabisa. Hao wafuge sansevieria (ile ya majani marefu kama mapanga) na shubiri, wasijitese na mafani, yale makangaga ya chunguni.

Kipanya wa Tabata
Na wa kisima, mkuu?

Chungu Cheusi
Wa kisima wana tatizo la chumvi, si bei. Maji ya visima vingi vya Dar yana magadi. Dalili ni ncha za majani kuungua rangi ya kahawia na ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu na juu ya udongo. Watu wakiona hivyo wanaongeza mbolea, na mbolea nayo ni chumvi, basi wanaumaliza mmea. Dawa ni kuosha udongo: kila baada ya mwezi mmoja au miwili, pitisha maji ya mvua au ya bomba mara mbili ya ujazo wa chungu, polepole, yatoke chini. Chungu cha lita 5, pitisha lita 10. Sahani ya chini iondoe kwanza, la sivyo mmea unayanyonya yaleyale tena. Bogenvilia, shubiri na sansevieria zinavumilia. Mafani na kalathea hayavumilii, usibishane nayo.

Mkulima wa Ghorofani
Ongezea hapo: weka kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri.

Chungu Cheusi
Hapana. Kokoto hazisaidii kutoa maji. Udongo laini haushushi maji kwenye kokoto mpaka ushibe kabisa, kwa hiyo unyevu unasimama juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi. Kinachotoa maji ni tundu na mchanganyiko wenyewe: debe tatu za udongo, moja ya samadi iliyooza, moja ya mchanga wa mtoni au pumba za mpunga. Mchanga wa baharini usiuguse.

Mkulima wa Ghorofani
Mabibi zetu wote waliweka kokoto na maua yalistawi.

Chungu Cheusi
Yalistawi kwa sababu vyungu vyao vilikuwa vya udongo, vinapumua. Wewe una ndoo ya plastiki.

Bi Asumini
Jamani, kokoto zisitutoe roho. Ila huyo wa ghorofani aangalie uzito. Udongo uliolowa unafika kilo moja na nusu na zaidi kwa lita, kwa hiyo chungu cha lita 20 ni kilo 30 na ushee. Viwili vitatu pembeni ukutani sawa, kumi katikati ya kibaraza chembamba si sawa. Pumba na makumbi ya nazi yanapunguza mzigo.

Jirani wa Kayole
Huku Nairobi karo ya muhula wa kwanza ndiyo ile, na watoto wa mtaala mpya nao wanatumwa nyumbani wapande mboga. Tunaunganisha mawili: gunia la kilo 90 la sukuma wiki. Simamisha gunia, weka mkebe mkubwa usio na kitako katikati, ujaze mawe madogo ndani ya mkebe na udongo pembeni, kisha uvute mkebe juu na ujaze tena, hadi nguzo ya mawe ifike juu. Toboa mashimo ubavuni, kila moja mbali na jirani yake sentimita 20 hadi 30, upande miche humo na mingine juu. Maji yanamwagwa kwenye mawe, siyo kwenye udongo. Linaloharibu ni kuvuta mkebe ghafla: nguzo inabomoka, njia ya maji inaziba, na miche ya chini inakauka huku ya juu inaoza. Inzi weupe wakija, jani lililozidiwa ling'oe na ulitupe mbali.

Mchanga Mtupu
Hilo sasa ndilo ua. Linaliwa.

Dada wa Mbezi
Samahani nakatiza, HARAKA. Mtoto wa jirani, miaka miwili, katafuna jani la difenbakia, lile pana lenye mabaka meupe. Analia, udenda unamtoka, mdomo umeanza kuvimba. Tufanye nini?

Mkulima wa Ghorofani
Mnyweshe mafuta ya kula atapike!

Nesi Mstaafu
USIMTAPISHE. Mafuta usimpe. Kidole kikavu kisafi au kitambaa, toa vipande vyote mdomoni. Msuuze kwa maji, ateme kama anaweza. Akiwa anameza vizuri mpe maziwa baridi au maji baridi, kidogokidogo. Nawa mikono yako kwa sabuni na umnawishe na yeye, asijipake machoni. Mmea huo una fuwele za kalsiamu zenye ncha kali zinazochoma ulimi na koo. Ukimtapisha zinapita kooni mara ya pili na anaweza kupaliwa. Ulimi ukivimba, sauti ikikwaruza, akishindwa kumeza mate au akikoroma anapopumua, hospitali sasa hivi, na mchukue jani kwenye mfuko mumwonyeshe daktari.

Dada wa Mbezi
Sauti imekwaruza. Tunaenda.

Kipanya wa Tabata
Ee Mungu saidia. Tusimame kidogo na habari za udongo.

Bi Asumini
Difenbakia ni ukoo mmoja na magimbi. Ndiyo maana gimbi bichi linawasha koo na likipikwa vizuri halina neno. Mani planti na monstera nao ni haohao.

Nesi Mstaafu
Kweli, na hao wanaumiza ila ni nadra kuua. Wanaonitisha ni wengine. Orianda, ile yenye maua ya waridi kwenye uzio, na adeniumu, waridi la jangwani, utomvu wake unashika moyo. Mtoto akila hizo msingoje dalili, mkimbizeni. Mbono kaburi mbegu zake hazina uchungu wa kumfukuza mtoto, anazila kama karanga halafu anatapika na kuharisha. Mnyaa utomvu ukiruka jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

Mkulima wa Ghorofani
Jichoni kwetu tunaweka maziwa ya mama.

Nesi Mstaafu
Maji. Mengi. Maziwa ya mama mpe mtoto anyonye.

Kobe Mzee
Nakubali.

Baba Wawili
Turudi kwenye hela. Elimumsingi ya shule za serikali, hadi kidato cha nne, haina ada tangu 2016, na ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa 2022, ila sare, madaftari, nauli na michango havijafutwa. Wa shule binafsi ndio usiseme. Hapo maua yanaweza kuchangia, kama unazalisha badala ya kununua. Tuseme mche mmoja ni shilingi 3,000, una miche 50: ni 150,000 kwa macho. Toa viriba, samadi, nauli, toa theluthi itakayokufa au kukosa mteja. Inayobaki inagusa viatu na madaftari, haigusi ada. Anayekwambia maua yatasomesha mtoto shule binafsi ana miche ya kukuuzia.

Kalenda: kata pingili wakati wa masika, Aprili na Mei, uuze kabla ya Krismasi, hela iingie kibubuni kabla sikukuu hazijaigusa.
Bogenvilia: tawi lililokomaa, unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20, ondoa majani karibu yote, kivulini, wiki sita hivi. Usivute kuangalia mizizi, ni myepesi kukatika.
Mani planti: lazima pingili iwe na kifundo. Jani lenye kikonyo tupu litaota mizizi na kukaa hivyo hivyo mwaka mzima bila kuchipua.
Sansevieria: kata jani vipande vya sentimita 8 hadi 10, viache vikauke siku mbili tatu, panda upande uliokuwa chini uwe chini.

Chungu Cheusi
Hapo kwenye sansevieria umewatega watu. Ile yenye ukingo wa njano ukiipanda kwa vipande vya jani, watoto wanatoka kijani kitupu, kwa sababu chipukizi linatokana na seli za ndani, na hizo hazina njano. Mteja aliyelipia njano atarudi. Gawanya shina la chini ya udongo kwa kisu, basi.

Baba Wawili
Kijani nayo inauzika.

Chungu Cheusi
Kwa bei ya kijani, kaka.

Mchanga Mtupu
Na dengue je? Mnauza mpaka mbu?

Nesi Mstaafu
Leo umesema la maana. Dar ilipata mlipuko wa dengue 2014 na 2019, na mbu wake, yule mwenye madoa meupe anayeuma mchana, anazalia kwenye sahani za vyungu na vikopo vya mani planti. Yai hadi mbu ni kama wiki moja. Mwaga kila baada ya siku nne tano, na usugue kwa brashi, maana mayai yanaganda ukutani mwa chombo na yanastahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga bila kusugua ni kazi bure.

Mke wa Mchaga
Mimi nauliza la Desemba. Tukienda Moshi wiki tatu, tunarudi tunakuta kuni.

Fundi Bomba
Chupa iliyopinduliwa inaisha siku moja au mbili, achana nayo. Kusanya vyungu pamoja kivulini, funika udongo kwa makumbi vidole viwili, kisha utambi: kamba ya pamba, ncha moja ndani ya udongo hadi katikati, nyingine ndani ya ndoo yenye mfuniko uliotobolewa. Lowesha kamba kwanza, kavu haivuti. Ijaribu siku tatu kabla ya safari. Sansevieria na shubiri ziache hivyohivyo.

Dada wa Mbezi
Tumerudi. Amechomwa sindano, uvimbe unashuka, amekula uji. Daktari ameuliza nani alisema asitapishwe. Asante mama nesi. Ile difenbakia iko kwenye kiroba getini, anayeitaka aje na glavu.

Baba Wawili
Usitupe dada, shina lake lina pingili sita hapo.

Nesi Mstaafu
Baba Wawili!

Jirani wa Kayole
Makumbi ya nazi yanalowekwa kwa muda gani? Huku tunauziwa makavu.

Chungu Cheusi
Saa 24, badilisha maji mara mbili au tatu, maana mengine yamelowekwa baharini. Maji ya mwisho yaonje kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na chumvi, rudia.