Kwa nini maporomoko ya Minneapolis yamepigwa zege?

Baba Tumaini:
Habari zenu ndugu. Mimi niko Brooklyn Park, kando ya Minneapolis hapa Marekani, mwaka wa tatu sasa. Jumapili baada ya ibada nilimpeleka binti yangu wa miaka 9 kwenye lile daraja la mawe, tuutazame Mississippi. Akashika vyuma vya ukingo, akayaangalia maji yanavyoteleza, kisha akaniuliza, "Baba, mbona maporomoko yana sakafu?" Nikakosa jibu. Halafu daraja lenyewe limepinda, kwa nini? Mwenye kujua anisaidie, nimemwahidi jibu kabla ya Jumamosi.

Mzee wa Lori:
Karibu, Baba Tumaini. Naendesha lori hapa tangu 1998 na mto huo nauvuka karibu kila siku. Mtoto ameona jambo ambalo watu wazima wengi hulipita tu.

Juu pale kuna tabaka la mawe magumu ya chokaa. Chini yake ni mawe ya mchanga, laini kiasi kwamba unayafikicha kwa vidole. Maji yakianguka huchimba ule mchanga, chokaa hubaki kikining'inia, kisha humegeka. Ndivyo maporomoko yalivyokuwa yakirudi nyuma maelfu ya miaka, kutoka upande wa St. Paul, mji jirani. Wadakota, wenyeji wa asili wa hapa, wanayaita Owámniyomni. Jina lake jingine, maporomoko ya St. Anthony, lilitoka kwa padri Louis Hennepin mwaka 1680.

Wakaja wenye viwanda, wanataka nguvu ya maji. Handaki likachimbwa chini ya mto, ndani ya mchanga uleule. Tarehe 5 Oktoba 1869 mto ukaporomokea humo. Watu wa mji walikimbilia pale, wakatupa magogo na mawe kwenye shimo, maji yakameza yote. Ilibaki kidogo maporomoko yaishe kabisa, na vinu vyote vilitegemea maji yale. Wahandisi wa jeshi wakajenga ukuta wa zege ardhini, chini ya mto, ukakamilika 1876. Juu maporomoko yakavikwa mteremko wa mbao, baadaye zege. Mwambie binti sakafu ile inayazuia maporomoko yasiendelee kurudi nyuma.

Daraja ni la tajiri wa reli James J. Hill, 1883, la garimoshi. Limepinda ili treni ikishavuka igeuke na kufuata ukingo hadi stesheni. Upande wa mjini utaona kipande cha chuma: matao mawili ya mawe yaliondolewa ili meli zipite kuingia kwenye chumba cha kuzipandisha, kilichofunguliwa 1963. Kiliinua meli karibu mita 15. Mwaka 2015 kikafungwa kuzuia samaki wa kigeni wasipande juu. Mimi huona uchungu: daraja la watu lilikatwa kwa ajili ya njia iliyotumika miaka 52 tu.

Mama Imani:
Asante Mzee, lakini daraja la barabara kuu ya 35W tusiliruke. Ukisimama kwenye daraja la mawe ukatazama mto unakoelekea, unaliona lile jipya. La zamani lilianguka 1 Agosti 2007, saa kumi na mbili na dakika tano jioni. Nilikuwa kwenye basi natoka kazini. Foleni iliganda, watu wakashuka kwenye magari, kila mtu na simu sikioni na hakuna anayepata mtu. Mume wangu hupita njia ile. Alifika nyumbani saa tatu usiku, nikamshika mikono tu, sikuweza kusema.

Watu 13 walifariki, 145 wakaumia. Mabamba ya chuma yanayofunga viungo vya daraja yalikuwa na unene wa karibu nusu ya uliotakiwa, tangu lilipofunguliwa 1967, na jioni ile lilikuwa limebeba mchanga, kokoto na mashine za ukarabati. Kando ya mto kuna bustani yenye nguzo 13, kila moja na jina. Mpeleke binti, na umwachie muda wa kusoma.

Baba Tumaini:
Mungu awabariki. Nimemsomea yote wakati wa chakula. Ameuliza swali moja: ule ukuta wa chini ya mto bado upo?

Mzee wa Lori:
Upo. Mlisimama karibu nao Jumapili.