Mjadala: Anayejifunza sarakasi za angani alazimishwe kuanza na ndege ya umeme?

Mtoa mada
Hoja ni hii: klabu za ndege za rimoti ziwatake wanaohitimu kwenye ndege ya mafunzo waanze sarakasi kwa mota ya umeme tu, injini ya nitro (ndogo, inayochoma methanoli iliyochanganywa na nitromethani) ije baadaye. Mimi naunga mkono.

Kwanza ndege yenyewe. Bawa likae katikati ya kiwiliwili au chini kidogo, litune sawasawa juu na chini, na ncha zake zisiinuke. Ndege ya mafunzo ukiilaza hujiinua yenyewe; tabia hiyo humwokoa mgeni, kisha humkwamisha siku anapotaka kuruka tumbo juu. Mabawa ya mita 1.1 hadi 1.3 toka ncha hadi ncha na uzito wa kilo 1.2 pamoja na betri vinatosha.

Sasa nguvu. Wati 220 kwa kilo hutosha kupiga kitanzi na kubiringika. Kupanda wima kwataka 300. Kilo 1.2 basi ni wati 360. Betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli 3 ikibeba mzigo hutoa kama volti 11, yaani ampea 33. Nunua kidhibiti cha mota cha ampea 45. Cha 35 chaweza kuungua mchana wa jua kali. Funga propela ya inchi 10 au 11, upime kwa watimita, kipimo cha wati na ampea, kabla ya kurusha.

Fundi wa nitro
Ndugu mtoa mada, hujasema betri hiyo inadumu muda gani. Chukua ya mAh (miliampea-saa) 2200. Tumia asilimia 80, yaani 1760. Kwa wastani wa ampea 15 ni dakika 7 hewani, halafu saa nzima ya kuchaji kwa ampea 2.2. Injini ya ukubwa wa 46, yaani sentimita za ujazo 7.5, hukaa karibu dakika 10 kwa tangi la mililita 300. Ukitua unajaza na kurudi juu. Sarakasi ni kurudia, na anayerudia mara nane kwa siku humpita mwenye betri mbili.

Halafu upepo. Ndege ya nitro ya kilo 2.5 hushika mstari wake hata kusi ikivuma. Ya kilo moja hutupwa huku na huku, na mwanafunzi hajui kosa ni lake au la upepo.

Mtu wa betri
Wengi hurudia mara moja tu, fundi, kisha injini inazimika. Sababu inajulikana: sindano ya kabureta, ile inayopima mafuta, imekazwa hadi mlio wa juu kabisa ndege ikiwa imekaa usawa chini. Pua ikielekea mbinguni, mafuta hupanda kwa shida, mchanganyiko unakosa mafuta, injini inakufa juu ya kitanzi. Umeme hauna ugonjwa huo.

Fundi wa nitro
Ugonjwa huo una dawa yake. Tafuta mlio wa juu kabisa, kisha fungua sindano mpaka mizunguko ishuke 300 hadi 500 kwa dakika. Inua pua wima kwa sekunde 10, injini ikiwa kwenye nguvu zote, mtu akiwa ameshika ndege kutoka nyuma ya propela. Mlio ukipanda kidogo au ukibaki palepale, rusha. Ukififia, rudi kwenye sindano. Tangi nalo likae usawa mmoja na kabureta, la sivyo kuruka tumbo juu kutabadilisha mchanganyiko.

Mchangiaji wa Nairobi
Hesabu zenu ni za pwani. Huku mita 1,700 juu ya bahari hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15. Nitro hupoteza nguvu na sindano lazima ikazwe kidogo zaidi. Kwa umeme, propela haishiki hewa vizuri, ampea zinashuka. Ongeza inchi moja ya propela na upime upya.

Kuna na usafiri. Mafuta ya nitro hayapandi ndege ya abiria hata kidogo. Betri ya seli 3 ya mAh 2200 ina kama Wh (wati-saa) 24, inapita kwenye mzigo wa mkononi. Ya seli 6 ya mAh 5000 ni Wh 111, na juu ya 100 shirika la ndege lazima likubali kwanza.

Mkaguzi wa kiwanja
Mnagombea mota, kumbe wengi huharibikiwa na kitovu cha uzito. Anza na asilimia 25 hadi 30 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Panda kwa digrii 45, geuza tumbo juu, achia kijiti. Pua ikianguka upesi, sogeza betri nyuma milimita 5. Ikipanda yenyewe, umezidisha. Jairo, kifaa kinachoisawazisha ndege chenyewe, nayo izimwe, maana inaficha kosa lote la kidole.

Mtoa mada
Basi nalegeza: nitro iruhusiwe, lakini kila asubuhi mwanafunzi apite jaribio la pua juu mbele ya mkaguzi.

Fundi wa nitro
Nakubali, mradi na wa umeme wakaguliwe. Volti 4.2 kwa kila seli kabla ya kuruka. Akitua, betri ikishapumzika, seli yoyote ikiwa chini ya 3.7, saa ya rimoti yake, inayomwambia muda wa kutua, ipunguzwe dakika moja.