Inchi sita na nusu si inchi kumi, na kitambi changu hakihusiki

Mtoto wa Hurumzi (mwenye uzi)
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nimetoka Darajani sasa hivi na hasira haijanishuka. Sina haja ya kumtaja yule bwana, kwa sababu kila aliyewahi kununua chaja hapa Unguja anamjua yeye pamoja na kiti chake cha plastiki kilichofungwa kamba. Nilimrudishia hovabodi, kile chombo cha umeme cha kusimamia chenye magurudumu mawili, yake yakiwa ya inchi 6.5, nikamweleza kwa adabu kwamba niliagiza ya inchi 10 kwa ajili ya vichochoro vyetu. Yeye, mbele ya wateja, mbele ya muuza kahawa, mbele ya nusu ya wakaazi wa kisiwa hiki, akanitazama kutoka juu hadi chini akasema: "Sheikh, gurudumu halina tatizo, tatizo ni kitambi."

Kitambi! Nilipomwomba apime kwa futi kamba, alitandaza shubiri yake juu ya gurudumu, kidole gumba kikielea hewani, akatangaza kwamba hiyo ni kumi kamili.

Gurudumu la inchi 6.5 lina kipenyo cha sentimita 16.5 tu, mpira wake ni mgumu usiojazwa upepo, na upande wa chini wa chombo umeinuka sentimita tatu hivi kutoka ardhini, kwa hiyo kinafaa sakafu ya vigae na lami iliyolala. Likifika kwenye ukingo wa mfuniko wa mtaro, gurudumu hilo hugota. Chombo hiki hujisawazisha kwa kukimbiza magurudumu kule mwili unakoelemea, hivyo gurudumu likikwama hakuna tena kinachoufuata mwili, nawe unaendelea na safari peke yako. Mimi niliendelea hadi ndani ya tenga la maembe ya watu. Gurudumu la inchi 10, yaani sentimita 25.4, lingeupanda ukingo ule ule kwa wepesi zaidi, na tairi yake ya upepo ingepunguza mshindo. Hiyo ni hesabu ya duara, wala haina uhusiano na biriani. Lakini mtu ananiambia kitambi, na muuza kahawa anacheka hadi vikombe vinalia!

Bint Mkunazini
Pole kaka yangu. Umeandika kipenyo cha magurudumu yote mawili kwa sentimita na nukta zake, lakini uzito wako umeuruka. Kila chombo cha aina hii kina kiwango cha mwisho cha uzito kinachobebwa. Tutajie kilo zako ili nasi tuamue vizuri.

Mtoto wa Hurumzi
Dada, swali hilo ni lile lile la yule bwana, isipokuwa wewe umelivisha kanga. Mimi nimezungumzia gurudumu.

Fundi wa Mlandege
Usiishangilie sana hiyo inchi 10, maana wanaokuja kulia kwangu ni wenye nazo. Ina tyubu, kwa hiyo ina pancha, na sehemu ya kujazia upepo imebanwa na mota iliyo katikati ya gurudumu, kiasi kwamba kichwa cha pampu ya kawaida hakiingii. Ukitaka kulifungua gurudumu lenyewe, waya wa mota umepita ndani ya ekseli, na ukiuvuta kwa pupa umekwisha. Zile za inchi 8 nyingi bado ni mpira mgumu: umelipa zaidi, na magoti yanatikisika vilevile. Kwa vichochoro vya Mji Mkongwe ningechukua ya 8.5 yenye tairi pana.

Mzee wa Vespa
Vespa yangu nayo ni ya inchi 10, imenipeleka Nungwi na kunirudisha miaka yote hii, na haijawahi kunimwaga kwenye maembe. Iweje inchi kumi zenu ziwalize watu?

Fundi wa Mlandege
Shikamoo mzee wangu. Tairi yako imeandikwa 3.50-10: hiyo 3.50 ni upana wa tairi kwa inchi, na hiyo kumi ni kipenyo cha rimu. Ukipima pamoja na mpira unakaribia inchi 17. Hovabodi hupimwa nje ya mpira, kwa hiyo kumi yao na kumi yako ni vitu viwili.

Mzee wa Vespa
Marahaba mwanangu. Basi nami nina la kusema juu ya yule muuza tairi wa Mwanakwerekwe, ambaye pia mnamjua. Aliniuzia 3.00-10 akaapa kwamba ni sawa na 3.50, na nilipomwonyesha maandishi akasema wino wa kiwandani ulikosea.

Bint Mkunazini
Huyo huyo! Kaka yangu naye alifanyiwa hivyo hivyo, kisha akaongezewa tyubu yenye kiraka akaambiwa ni mpya.

Mtoto wa Hurumzi
Naomba turudi kwenye uzi. Mtu ameniita kitambi mbele ya muuza kahawa.

Mpemba wa Chake
Mzee, hiyo 3.00-10 usiitupe. Shemeji yangu huku Chake Chake ana Vespa ndogo inayotumia saizi hiyo hiyo. Unaitoa kwa kiasi gani?

Mzee wa Vespa
Haijatembea hata kidogo, maandishi yake bado yanasomeka. Niandikie faragha tupatane, ila nauli ya boti ni juu ya shemeji yako.