Mlioacha sigara Tabora na Kigoma njooni tupeane uzoefu, ulianzaje na mwili umekurudishia nini

Mtoto wa Isevya:
Wakuu habari za muda huu, na wa Tabora mwangaluka. Nimeleta hii mada kwa sababu mkoa wetu ndo unatajwa wa kwanza ikitajwa tumbaku, kuanzia Urambo, Kaliua, Sikonge mpaka Uyui watu wamesoma na kuezeka mabati kwa hili jani, kwa hiyo huku kwetu ukisema unaacha sigara unaonekana kama umewasaliti wazee. Lakini kulima ni kitu kimoja na kuvuta ni kitu kingine. Mimi nimeacha, na kaka yangu mkubwa ameanza wiki hii, jana usiku kanipigia simu sauti inatetemeka anasema arosto, ile hamu ya sigara, inammaliza, nikampa ya kwangu nikaona hayatoshi, nataka asome ya wengi.

Ya kwangu ni haya. Sigara yangu kubwa ilikuwa ya baada ya kula na ile ya kahawa ya kijiweni, kikombe mkono huu fegi mkono huu. Kilichonisaidia ni kuelewa kwamba arosto haikai, ikija kwa nguvu ni dakika tano, kumi, inapita hata kama hujavuta. Sasa hizo dakika uzijaze. Mfukoni nilikuwa natembea na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ile mikavu kabisa, ukiitia mdomoni meno yana kazi mpaka ile hamu imepungua. Na kahawa niliiacha kwa muda, nikawa nakunywa chai nyumbani, maana pale kijiweni ukikaa tu kuna mtu anakunyooshea moja. Siku mbili tatu za mwanzo ndo mbaya kuliko zote, usingizi hakuna, hasira, kichwa kizito. Ukizivuka hizo mzigo unaanza kupungua. Haya karibuni.

Kijana wa Urambo:
Mimi nimekulia shambani kabisa, kwetu hakuna aliyekuwa ananunua sigara dukani. Tumbaku ya mvuke ikishaingia bani, lile banda la kukaushia kwa moto, moto hautakiwi kuzimika, mnakesha na magogo siku kadhaa, basi usiku ukiwa mrefu unachukua jani lililokauka unalipekecha kiganjani mpaka linakuwa chengachenga, unachana kipande cha gazeti, unasokota, unalamba ukingo ushike, unawashia kaa la hapohapo. Wakubwa wanakupa na wewe dogo wanasema inafukuza usingizi. Nilianza hivo.

Kitu ambacho wengi hawajui nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayokufanya uitamani, inaingia hata kama huvuti. Ukichuma majani mabichi asubuhi yana umande, shati likalowa, unapata kizunguzungu na kutapika unalala siku nzima, nyumbani walikuwa wanasema amelewa tumbaku na maisha yanaendelea. Kumbe imepita kwenye ngozi. Siku nilipoelezwa hilo na bwana afya nikajiuliza sana, kama kuligusa tu linanilaza, mapafu nimeyafanyia nini miaka yote hii.

Nilimwomba mzee anitoe zamu ya bani nibaki mchana kwenye kupanga majani makavu kwa madaraja ya ubora, akakubali bila neno, Mungu ambariki. Bila lile bani na ule usiku hamu ilikuwa ndogo sana. Sasa hivi napandisha baiskeli na gunia la mahindi kutoka shamba sishuki kusukuma. Na kwa mnaobaki shambani tafadhali vaeni mikono mirefu na glovu, subirini umande ukauke ndo mchume, na watoto msiwapeleke kuchuma kabisa.

Mvuvi Kibirizi:
Nawasalimu kutoka Kigoma. Ziwani usiku mkishawasha taa kuna masaa ya kukaa tu mnasubiri dagaa wapande, baridi, upepo, mmelowa, sigara inazunguka mkono kwa mkono mpaka kipisi kinaunguza vidole. Nilikuwa nimeshajaribu kuacha katikati ya msimu nikashindwa, utaachaje mtumbwi mzima unavuta. Kwa hiyo nikasubiri mbalamwezi, kile kipindi hatuingii ziwani, nikaanza siku ya kwanza niko nyumbani. Mke wangu nilimwambia mapema kwamba nitakuwa mkali usinijibu, watoto akawapeleka kwa bibi yao Ujiji. Jamani waambieni watu wenu wa nyumbani, usifanye siri, mtu akijua anakuvumilia.

Giza liliporudi nikawaambia wenzangu mimi msinipitishie, na mmoja akasema na mimi basi. Tukawa wawili. Hapo ndo niliona nimepona.

Kilichonishangaza ni pua. Nilikuwa nakula mgebuka wa kuchoma miaka yote kumbe sijui ladha yake, siku moja natoka mwaloni nimeusikia kutoka mbali, mate yakanijaa. Na pumzi ya kuvuta wavu imerudi, zamani nikivuta kidogo nahema kama nimekimbizwa.

Mama Tatu wa Ng'ambo:
Naomba niseme na upande wa wanawake maana tunavuta kwa kujificha halafu hakuna wa kutuuliza unaendeleaje. Mimi nilikuwa navutia chooni, natafuna karafuu, naosha mikono na limao. Nilipopata ujauzito nesi wa kliniki aliniuliza taratibu tukiwa wawili tu, hakunifokea, akanieleza ule moshi unamnyima mtoto hewa tumboni, anaweza kuja njiti au na uzito mdogo. Nilitoka pale nikaitupa pakiti kwenye shimo la choo.

Mtihani wangu ulikuwa baada ya kujifungua. Baba watoto alikuwa anavuta sebuleni, mtoto anabanwa kifua kila wiki tuko hospitali, na mimi ile harufu inaniita. Nikamwambia baba Tatu, kufungua dirisha haitoshi, moshi unabaki humu humu. Alinuna lakini akahamia chini ya mwembe. Kifua cha mtoto kikatulia. Ndugu zangu ukishindwa kuacha leo basi angalau usivutie ndani ya nyumba wala ndani ya gari.

Nesi mstaafu Kanyenye:
Wanangu nimesoma nikafurahi sana. Niwaongezee kidogo mjue mwili unafanya nini huku nyuma. Ukizima ile ya mwisho, ndani ya dakika 20 mapigo ya moyo na presha vinaanza kushuka. Ndani ya saa 12 kaboni monoksidi kwenye damu inarudi kawaida, na hii ni gesi ileile ya jiko la mkaa inayoua watu waliofunga mlango wakalala, mvutaji anatembea nayo kidogokidogo kila siku. Wiki 2 mpaka miezi 3 damu inazunguka vizuri na mapafu yanapata nguvu. Kati ya mwezi 1 na miezi 9 kikohozi na kuhema vinapungua. Mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo inakuwa kama nusu ya anayeendelea kuvuta. Miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu inashuka karibu nusu.

Sasa kuna jambo moja naliona linawarudisha watu. Ukiacha, wiki za mwanzo unaweza kukohoa ZAIDI na kutoa makohozi, mtu anasema mbona kuacha kumeniletea ugonjwa, anawasha tena. Hapana mwanangu. Kuna vinyweleo vidogo sana kwenye njia ya hewa vilikuwa vimelemazwa na moshi, vimeamka vinafagia uchafu. Ila kikohozi kikizidi wiki mbili, au una homa za jioni na unapungua mwili, nenda kapime TB, na mvutaji yuko kwenye hatari zaidi ya TB kuliko asiyevuta. Na uzito ukiongezeka kilo nne tano ni kawaida, tembea, usirudi kwenye sigara kwa ajili ya kilo.

Mzee wa Mwanga:
Nesi umenigusa. Mimi nilipata hiyo TB, dawa miezi sita, na dokta akaniambia mzee hizi dawa na sigara haziendi pamoja. Nikamjibu mimi nimeshakula chumvi nyingi, kuacha sasa hivi kutanisaidia nini. Akaniambia anayeacha akiwa na miaka 60 bado anajiongezea kama miaka mitatu ya kuishi, na wa 40 kama tisa. Miaka mitatu kwangu ni kumwona mjukuu anamaliza darasa la saba. Niliacha. Nilipandishwa ngazi za msikiti na vijana wamenishika kwapa, sasa napanda mwenyewe.

Dereva wa Sikonge:
Asanteni sana, nimeanza leo leo. Swali kwa mama nesi, mimi bibi yangu ananiambia niache sigara nihamie ugoro maana hauna moshi, je ni sawa? Na kuna dawa za kusaidia?

Nesi mstaafu Kanyenye:
Shikamoo zangu kwa bibi, ila kwenye hili tusimfuate. Ugoro ni tumbaku ileile, nikotini ni ileile, na tumbaku isiyo na moshi inaleta saratani ya mdomo na ya koo la chakula. Ukihamia huko hujaacha. Dawa zipo, kuna bablishi na plasta zenye nikotini peke yake bila moshi, zinakushusha taratibu, ulizia famasi kubwa na uongee na daktari kwanza hasa kama una tatizo la moyo au ni mjamzito. Wewe ni dereva, anza na kutoa kiberiti na kisahani cha majivu kwenye gari leo hii, weka chupa ya maji pale ulipokuwa unaweka pakiti. Siku ya tatu njoo utuambie umeamkaje, tutakuwepo.