Fundi amefuta waridi la kabati la nyanya kwa thina

NyarManyatta: Wadau, nina kabati fupi la nyanya yangu hapa Kisumu. Miguu imepinda, kifua kimetuna, mtindo wa Wafaransa wa zamani. La kale si la kale, ni la kuigiza tu. Nyuma ni plaiwudi. Milangoni kuna mawaridi yaliyochorwa kwa mkono, kingoni dhahabu, ambayo sasa imekuwa kahawia. Nilimwita fundi alisafishe. Kutoka jikoni na chai yake, nikakuta kitambaa chenye thina kimekuwa chekundu na waridi moja limebaki majani. Sasa anataka tupige msasa lote tupulize upya. Moyo unakataa.

MsasaNakuru: Dada, ukikubali msasa umelipoteza. Hiyo dhahabu ni unga wa shaba na zinki, ndiyo maana imegeuka. Dhahabu yenyewe haigeuki. Usiisugue kwa dawa ya kung'arishia vyuma, itatoka yote. Rangi iliyokimbia thina hivyo huenda ni laka, ile inayoyeyuka kwa thina. Jaribu spiriti nyuma ya mguu kwa pamba: ikinata, juu kuna shelaki, vanishi ya kizamani inayoyeyuka kwa spiriti. Uchafu utoe kwa mate. Sicheki! Hata mafundi wa makumbusho hutumia mate, yana vimeng'enya vinavyolegeza uchafu. Pamba kidogo, viringisha usisugue, kisha pitisha nyingine yenye maji safi. Waridi lirudishie kwa akriliki ya wachoraji, pale palipotoka tu, usivuke hata ukucha.

Baba Pendo: Mimi langu nililipiga rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta, bila msasa, bila andakoti, ile rangi ya kutangulia chini. Mvua za Aprili zikaja, likabanduka kama kitunguu. Na kama rangi ni ya zamani sana usiikwangue kavu, zile za kitambo zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Watoto hulamba kila kitu.

MsasaNakuru: Hapo kwa risasi umesema kweli.

NyarManyatta: Nimerudi. Mate yaliisha, nikala embe bichi, yakarudi. Nimesafisha upana wa kiganja karibu na kitasa. Kumbe ile rangi ya chai niliyokua nikiiona ni moshi wa koroboi! Chini ni buluu hafifu, kama leso iliyofuliwa miaka. Shida ni kwamba sasa pale panaonekana kama kiraka, na milango ni miwili. Fundi nimemlipa nauli akaenda.